Usirudie MRI ya mishipa ya shingo kwenye mashine nyingine

Mkuu, hiyo tiketi ya treni ya Dar usiikate kwanza. Umesema ulipima ukuta wa mishipa ya shingo kwa MRI hapa Dodoma mwezi wa pili, sasa unataka kurudia Dar "kwenye mashine kali zaidi" uone kama mafuta yamepungua. Unauliza bei, kama ufunge kula, na kama uache atorvastatini, dawa yako ya kushusha mafuta ya damu. Njia hiyo nimeshapita. Iliondoka na ng'ombe wangu watatu mnadani Msalato, na wala sikuonja mshikaki.

Kipimo changu cha kwanza kilitoa unene wa ukuta milimita 2 kwenye mshipa wa kushoto. Miezi minne baadaye shemeji yangu, mtu anayejua kila kitu isipokuwa kulipa madeni, akanishika sikio: nenda kwenye mashine ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hiyo yako ya 1.5 ni ya kizamani. Nikaenda. Majibu: milimita 2.8. Jamaa wa pale akaniambia, macho yakiwa kwenye simu yake, "Mzee, ugonjwa unakimbia." Basi! Nikauza ng'ombe, nikaanza kuulizia upasuaji, nikaandika wosia wa shamba la zabibu la Hombolo. Mama watoto akauliza tu kama deni la mbolea nalo limo kwenye wosia.

Aliyeniokoa ni daktari wa radiolojia aliyekataa kusoma karatasi, akataka picha zenyewe za mara zote mbili. Kumbe mara ya kwanza walinivalisha koili ya shingo, kile kifaa cha kunasa mawimbi ya picha, na picha zikakata mshipa vipande vya unene wa milimita 2 pale pale unapogawanyika. Mara ya pili koili hiyo hakuna, vipande vya milimita 5, tena vimekata mshipa kimshazari. Kata ndizi mshazari uone ganda lake linavyonenepa! Na kila nukta ya picha zile ni kama nusu milimita. Kwa hiyo nimeuza ng'ombe watatu kwa sababu ya nukta moja na nusu. Cheka tu, mimi nimeshamaliza kulia.

Ukirudia, iwe mashine ileile, koili ileile, mpangilio uleule wa picha, na vipande vihesabiwe kuanzia kwenye njia panda ya mshipa. Kimoja kikibadilika, hulinganishi kitu. Wasikupe angio, picha ya mishipa, wakasema ni yale yale: angio huonyesha njia ya damu, wewe unataka ukuta, yaani zile picha ambazo damu hufanywa nyeusi ili ukuta uonekane. Mtafiti Glagov alishaonyesha mwaka 1987, kwenye mishipa ya moyo, kwamba mshipa hutanuka kwa nje, njia inabaki wazi mpaka mafuta yafikie karibu asilimia 40 ya eneo lake. Unaambiwa "mshipa safi" huku ukuta umejaa.

Halafu miezi minne ni haraka ya nini? Kwenye utafiti wa 2001 wa simvastatini, ndugu ya hiyo dawa yako, miezi 6 ukuta haukubadilika; ulipungua kwenye miezi 12, na njia ya damu ikabaki vilevile. Dawa usiache bila daktari wako.

CD ya picha za mwezi wa pili unayo? Kama walikupa karatasi tu, kesho asubuhi nenda dirishani kaidai. Yangu ya kwanza niliikuta kwenye droo yao, imeandikwa jina la mtu mwingine.