Springi Peke Yake Haikupi Hataza: Ushauri kwa Anayebuni Sindano ya Kujifyatua

Vijana wanaoniletea michoro ya sindano ya kujifyatua huieleza karibu kwa maneno yale yale: mgonjwa anaigusisha pajani, springi inafyatuka, sindano inachoma na dawa inaingia yenyewe. Ni kifaa cha maana sana. Mtu aliyeumwa na nyuki akaanza kuvimba koo hana muda wa kuvuta dawa kwenye bomba. Lakini maelezo hayo, yakiishia hapo, hayawezi kupewa hataza (patent), yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, popote duniani, na ni heri uambiwe leo na anayekutakia mema kuliko uandikiwe na mkaguzi wa ofisi ya hataza baada ya kulipa ada.

Mwaka 1977 Sheldon Kaplan na wenzake wa Survival Technology, kampuni ya Maryland, Marekani, walipata hataza namba 4,031,893 kwa kifaa cha namna hiyo. Kazi yao ilihusu wanajeshi waliohitaji kujidunga dawa upesi wakishambuliwa kwa gesi ya sumu, na ndiyo iliyozaa EpiPen, sindano ya adrenalini kwa wenye mzio mkali, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Hataza ile ilikwisha muda wake zamani, na wengi wakisikia hivyo hufurahi wakidhani mlango umefunguka. Wa kutengeneza umefunguka, kweli. Wa kuomba hataza umefungwa, kwa sababu jambo likishachapishwa si jipya tena, hata kama halina mwenyewe.

Sasa tazama hataza namba 7,449,012 ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2008 kwa Meridian Medical Technologies. Miaka 31 imepita tangu ile ya Kaplan na springi bado inasukuma dawa kama zamani. Kwa nini basi wakapewa? Kwa sababu kifaa cha awali kilikuwa na kasoro moja ya wazi: ukishadunga, sindano inabaki nje, na anaweza kuchomwa mtoto, muuguzi au yeyote atakayekiokota. Wao wakaweka ala, yaani kifuniko kama cha kisu, inayotoka mara tu unapokiondoa pajani, ikaifunika sindano na kujifunga isirudi nyuma. Walikuwa na tatizo linalotajika, na sehemu zilizopangwa kwa namna fulani ili kulitatua. Hicho ndicho cha kutafuta kwenye mchoro wako.

Bahati nzuri ni kwamba springi huzaa matatizo mengi. Nguvu yake ni kubwa mwanzoni na hupungua kadiri inavyonyooka. Ukiiweka kali, inaipiga pistoni kwa kishindo na bomba la glasi linaweza kupasuka kwenye bega la bomba lenyewe. Ukiilegeza ili kuokoa glasi, inachoka kabla ya kumaliza safari na dawa nyingine inabaki ndani. Ukitaka sindano nyembamba isiyoumiza, jua kwamba tundu likipungua upana kwa nusu, mtiririko kwa msukumo ule ule hushuka mara 16, na dawa nyingi mpya za kibayolojia ni nzito. Utarudi kwenye springi kali, ambayo itakaa imebanwa ndani ya plastiki kwa miaka kabla ya kutumika, na plastiki inayobanwa muda mrefu hulegea taratibu. Kila hapo ni mahali ambapo hataza halali inaweza kuzaliwa. Kama mchoro wako haugusi hata tatizo moja la aina hii, usikimbilie kwa wakala wa hataza.

Kutafuta yaliyotangulia ni kazi unayoweza kuianza mwenyewe bila kulipa chochote. Fungua Espacenet au PATENTSCOPE, hifadhi za hataza zilizoko mtandaoni, na badala ya maneno tumia misimbo inayopanga hataza kwa aina: A61M 5/2033 ni ya sindano za springi za kutumika mara moja, na A61M 5/326 ni ya ala zinazojitokeza zenyewe kufunika sindano. Nasisitiza misimbo kwa kuwa hataza nyingi hazitaji springi kabisa. Huandika kitu kama "kihifadhi nishati" ili zibane na gesi na kila kitu kingine kinachosukuma. Anza na michoro, kisha usome madai, yaani sentensi zinazotaja hasa kile kinacholindwa. Halafu chora jedwali: sehemu za kifaa chako kwenye mistari, nyaraka ulizopata kwenye safu wima, na uweke alama kila sehemu inapoonekana.

Jedwali hilo ndilo litakalokujibu. Waraka mmoja ukiwa na alama kwenye kila mstari, upya umekwisha, hakuna la kujadili. Ikiwa hakuna waraka wenye zote, linakuja swali gumu zaidi: je, fundi wa kawaida wa fani hii angeunganisha nyaraka mbili akafika hapo ulipofika? Miongozo ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina mfano wa mashine ya soseji: kinu cha kusaga nyama kinachojulikana, kikiwekwa kando ya mashine ya kujaza soseji inayojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ya siku zote, si uvumbuzi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishika njia inayokaribiana na hiyo mwaka 2007 katika kesi ya kampuni za KSR na Teleflex, iliyohusu pedali ya gari.

Kijana mmoja niliyekaa naye alikuja akijivunia ala yake. Jedwali liliimaliza ala yote, mstari baada ya mstari. Akanyong'onyea. Lakini chini kabisa ilibaki mistari miwili mitupu, sehemu mbili ndogo zinazohusu kishindo cha kwanza kwenye glasi, ambazo hata yeye hakuwa amezitaja alipoanza kunieleza. Sizielezi hapa kwa sababu ombi lake bado ni siri. Kwa kawaida maombi huchapishwa baada ya miezi 18. Ninachoweza kusema ni kwamba alizijaribu moja moja na hazikusaidia kitu, akaziweka pamoja na glasi ikaacha kupasuka. Matokeo ya namna hiyo, yakiandikwa vizuri na kupigwa picha, yana uzito mbele ya mkaguzi kuliko kurasa nyingi za kujisifu.

Nakuomba sana usionyeshe kifaa kabla ya kuwasilisha ombi. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 inamvumilia mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya ombi. Ulaya haina uvumilivu huo, na video moja uliyoiweka mtandaoni siku ya maonyesho inatosha kukunyima haki kule. Ukishawasilisha KIPI, taasisi ya Kenya inayosimamia mali ya viwanda, una miezi 12 ya kwenda nchi nyingine ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza.

Ikiwa mabadiliko yako ni madogo, tuseme komeo lililonyooshwa vizuri zaidi, fikiria cheti cha modeli ya matumizi, yaani kinga ya uvumbuzi mdogo. Nchini Kenya hakidai hatua ya uvumbuzi, yaani lile swali gumu la fundi wa kawaida. Kinataka upya na kufaa viwandani, na hudumu miaka 10. Mimi nakiona kuwa njia ya heshima kwa karakana ndogo, na nasikitika kwamba wengi hukidharau.

Na hataza ukiipata, haina maana kwamba una ruhusa ya kuuza. Ala yako mpya inaweza kuwa imekaa juu ya komeo la mtu mwingine ambalo hataza yake bado ni hai. Kwa hiyo kwenye jedwali lile lile ongeza mstari mmoja wa hali ya kila hataza, kama iko hai na katika nchi zipi, kisha mpelekee wakala wako jedwali lote pamoja na mchoro.