Kwa nini dawa ya mafua inadai kitambulisho Marekani

Pole na mafua, ndugu. Unauliza kwa nini duka la dawa lilikudai kitambulisho uliponunua Sudafed, dawa ya kuzibua pua. Hujashukiwa chochote, kila mnunuzi wa dawa hiyo huko Marekani anadaiwa kitambulisho. Sudafed ya nyuma ya kaunta ina sudoefedrini, ambayo wahalifu huigeuza kuwa methi, dawa kali ya kulevya. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa 2006 iliweka kikomo cha kununua sudoefedrini: gramu 3.6 kwa siku, gramu 9 kwa siku 30. Palipokuwa na daftari la karatasi la kuandikia wanunuzi, mtu alinunua duka hili, akavuka barabara akanunua jingine. Ndiyo maana majimbo mengi yakajiunga na NPLEx, mfumo wa kompyuta unaounganisha maduka ya dawa: kitambulisho kikiskaniwa na kikomo kimepita, skrini inamwambia muuzaji papo hapo asiuze. Wajanja bado hutuma watu wengi, kila mmoja achukue kidogo kidogo, na hapo mfumo hauoni kitu.

Tafadhali usikimbilie dawa ya mafua ya rafu ya wazi kwa kuogopa usumbufu. Nyingi zina fenilefrini, na mwaka 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilisema ukiimeza haizibui pua. Toa kitambulisho, upate dawa inayofanya kazi. Kama una presha, mwambie mfamasia kwanza.