Telefone ilisema 1,140, kese ilikuwa na 31

Niko na kabini ya makuta (pesa ya telefone) hapa Lubumbashi, upande wa soko ya Kenya, M-Pesa, Airtel, Orange, toka asubui mpaka giza, kwa hiyo msinichukue kama mutu asiyejua mambo ya franga mu telefone. Ile kujiamini njo ilinimaliza.

Ilianza Januari 2025, wakati Donald Trump alitoa koini yake, pesa ya mu mtandao tu yenye batu banauziana, siku tatu tu mbele ya kuapishwa, bei ikapanda kupita dola 70 mu siku mbili. Kuna kijana wa kartiye anapitaka kwangu kutoa makuta, ananionyesha kwenye telefone, "Yaya, unaona? Sisi tunalala." Februari, rais wa Jamhuri ya Afrika ya Kati naye akatangaza koini ya inchi yake. Nikasema kama baprezidenti wenyewe bako ndani, miye ni nani wa kukataa?

Sikununua za baprezidenti, zilikuwa zimeisha kupanda. Kijana akaniingiza mu kikundi cha Telegram ya koini ingine mupya kabisa, yenye picha ya mbuzi amevaa miwani, kila dakika batu banatuma picha za roketi na "nunua mbele bengine bajue". Niliweka dola 180: mia ilikuwa flote ya kabini (pesa ya kuzungusha kazi), 80 ilikuwa ya likelemba (mchango wa zamu) ya mama watoto, na ile 80 sikumwambia. (Mbuzi ya michopo ingalau unakula.)

Siku ya tisa, saa mbili ya usiku, telefone inasema 1,140. Nikaita mama watoto, nikamwelezea yote, hata ile 80. Hakukasirika, aliangalia tu ile namba halafu akasema: "Itoe basi, niione mu mukono."

Nikabonyeza kuuza. Imekataa. Nikabonyeza tena, programu inasema bei imebadilika, jaribu tena, na kila nikijaribu namba inashuka, 900, 420, nikaongeza pesa ya kulipa mtandao ili nipite haraka, mara ya ine ikakubali. Dola 31. Mama watoto alikuwa bado amesimama pale.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hii kitu ninaijua, naiona kila siku. Mutu anakuja na 1,000 mu telefone yake, lakini kama mu kese yangu, sanduku ya noti, kuna 50, atapata 50, namba yake haizalishe noti. Tofauti ni kwamba kwa makuta ya kawaida atavuka barabara kwa kabini ingine. Ile koini ilikuwa na kabini moja tu, na mwenye kuitengeneza njo alikuwa na ufunguo. Zinakuwaka hivi: kuna chungu moja yenye koini upande mumoja na pesa ya kweli upande mwingine, kila mwenye kuuza anaacha koini na kuchota pesa, kwa hiyo bei inashuka kwa kila anayetoka, na wa mwisho anakuta chungu imejaa mbuzi tupu. Na kama ile pesa haikufungwa, mwenye koini anaweza kuibeba yote siku moja.

Kwa hiyo ukisikia "koini hii ina thamani ya milioni kumi", jua banachukua bei ya mwisho banazidisha na koini zote, hata zile hakuna mutu aliyezilipia. Milioni kumi haikuingia popote. Hata ile ya Trump, asilimia 80 ya koini ilibaki kwa makampuni ya upande wake. Na 2021 kulikuwa koini ya SQUID, iliyobeba jina ya Squid Game, filme ya vipande ya Netflix, ikapita dola 2,800, batu baliweza kununua lakini kuuza ilikataa, ikaanguka karibu na sifuri mu dakika chache.

Mama yangu nilipomwelezea alicheka tu, akasema "Bindo." Yeye aliona wakati ya Zaïre, 1991, Bindo Promotion, kampuni iliyoahidi kuzidisha makuta, ilipoanguka na makuta ya batu. Mimi nikaanza kumfundisha tofauti ya blokcheini, ile daftari ya mu mtandao inayoandika kila koini, yeye akaendelea kuchagua sombe yake.

Kama unataka kuingia hata hivyo, sikufungi, uza kwanza. Nunua ya dola tano, uza yote siku ileile, pesa ifike mpaka mu M-Pesa yako, ndipo uongee. Angalia pia mifuko kumi ya kwanza (akaunti zenye koini nyingi zaidi) inashika koini ngapi, hiyo inaonekana wazi kwa kila mutu, mimi nilikuja kuangalia nyuma: tatu zilishika zaidi ya nusu. Na ukiisha kupoteza, kuna mutu atakuandikia inbox kwamba anaweza kurudisha makuta yako ukimlipa 50 mbele. Mimi balinitafuta watatu mu wiki moja. Hakuna anayerudisha.

Wiki iliyopita kijana mwingine alikuja kwangu kutuma dola 60 kwa namba fulani, ya kununua koini. Nikamuuliza, ulishauza hata kidogo? Akasema kikundi kimekataza kuuza mpaka ifike dola moja. Nikakataa kutuma. Alinikasirikia sana, akavuka barabara, na komisyo ya ile 60 ilikwenda kwa jirani yangu.