Faiba ya mtaa: kwa mnaoanza kazi hii Mwanza

Wadogo zangu mliojiunga mwezi huu, karibuni sana. Wengi wenu niliwaona siku ile ya kuvuta kebo Mabatini: watu wengi, nyimbo, watoto wakikimbilia gurudumu la kebo likizunguka. Siku kama ile ni tamu, na sisi tulioanza tuliingia kwa mlango huohuo. Lakini mjue mapema kwamba kuvuta kebo ni sehemu ndogo ya kazi. Mtandao wa intaneti wa ushirika wetu hupimwa siku kebo inapokatika, saa tano usiku, mvua inapiga na simu za wanachama hazikatiki. Karibu kila ninalowaambia hapa linahusu usiku huo.

Kwa nini tunajisumbua? Kwa sababu mwanafunzi wa Igogo anasoma hadi bando linapoisha, na somo linaishia hapo. Kebo za baharini zilitia nanga Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa, yaani kebo kuu ya faiba ya nchi, ukaufikisha mwanga unaobeba intaneti hadi huku kwetu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Kilichobaki ni kipande kifupi cha kutoka mkongo hadi mlangoni kwa mtu. Kipande hicho tunaweza kukijenga wenyewe, tukanunua intaneti kwa jumla na kugawana gharama. Kanda ya Ziwa haihitaji kufundishwa ushirika: wakulima wa pamba waliunda shirikisho lao la Victoria mwaka 1955, makao yake hapahapa Mwanza.

Sasa tuanze na mawe. Kule Uingereza, vijijini Lancashire, wanakijiji wa B4RN, mradi wa intaneti wa jamii, walichimba mitaro mashambani mwao na kulaza faiba wenyewe. Nilipoisoma habari yao nilitamani tufanye vivyo hivyo. Lakini ukipiga sururu mlimani Mabatini, pigo la pili linakutana na jabali. Kwa hiyo kebo zetu nyingi zinapita hewani, na kebo ya hewani ina maadui: lori lenye shehena ndefu, tawi la mwembe, moto wa takataka uliowashwa chini ya waya. Halafu kuna radi, na ukanda huu wa ziwa una radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Lakini kebo za bei nafuu hubebwa na waya wa chuma, na chuma kinapitisha. Mwaka wa kwanza tulinunua hizo ili tuokoe hela. Usiku mmoja wa masika tulipoteza vifaa vya vituo viwili. Siku hizi kila waya wa chuma unaunganishwa na fimbo ya shaba iliyozama ardhini, na kule ambako fimbo haiingii kwa sababu ya jabali tunatumia kebo isiyo na chuma kabisa. Ni ghali zaidi. Msikubali mtu awashawishi kuiacha.

Jambo ambalo ningependa mlijue kwa moyo ni hesabu ya mwanga. Mtambo wetu wa kituoni, wa aina ya GPON (faiba moja inagawiwa nyumba nyingi), unatoa mwanga wa nguvu ya takriban +3 dBm, yaani desibeli kulinganisha na miliwati moja, na kifaa cha nyumbani kinasoma vizuri hadi karibu −27; namba ikishuka, mwanga umefifia. Kati ya hapo, kila kitu kinakula mwanga. Splita ya kugawa njia moja kuwa nane inakula kama desibeli 10.5, tukiweka mbili kwa mfuatano ili tufikie nyumba 64, tayari ni 21. Kilomita moja ya kebo inakula kama 0.35, kwa hiyo kilomita tatu ni 1 na kidogo. Kiungo kizuri cha mashine, yaani faiba mbili zilizoyeyushwa zikawa moja, hakizidi 0.1, lakini kichwa cha kuchomeka kinaweza kula 0.3 hadi 0.5. Jumlisheni splita, kilomita tatu, viungo sita na vichwa vinne: mtapata kama 24, na nyumbani mwanga utafika kwenye −21 au −22. Hapo mtu analala usingizi. Fanyeni hesabu hii kwenye karatasi kabla hamjapanda nguzo, kisha pimeni mkishamaliza. Namba mbili zisipokaribiana, kuna kosa, na kosa hilo halijitibu lenyewe.

Tulikuwa na mama mmoja fundi cherehani, Kirumba, ambaye huduma yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Tulimbadilishia kifaa mara mbili. Tukalaumu umeme, tukalaumu mvua. Siku tulipopima, tulisoma −26.5 mahali ambapo hesabu ilisema −22. Kumbe kichwa cha buluu kilikuwa kimechomekwa kwenye tundu la kijani. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, cha buluu ni bapa. Vinaingiana vizuri kwa macho, lakini vioo vyake havikutani. Alivumilia wiki sita kwa sababu hakuna aliyetoa kipimo mfukoni siku ya kwanza. Bado linaniuma. Njia ya mwanga ndani ya faiba ina upana wa kama maikromita 9, kwa hiyo hata vumbi la kidole linatosha kuiziba. Spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi vikae kwenye begi kila mnapotoka. Na msichungulie ncha ya faiba iliyo hai: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyaumiza.

Nije kwenye daftari. Mwaka wa pili lori la nondo lilinasa kebo yetu kuelekea Igoma likang'oa jointi nzima, lile boksi ambamo faiba za kebo huungwa. Kama ingekatika katikati ya nguzo mbili, kazi ingekuwa nyepesi: faiba zina rangi kwa mpangilio, buluu, chungwa, kijani, kahawia na kuendelea hadi ya kumi na mbili, unaunga rangi na mwenzake. Lakini ndani ya jointi ile kebo kubwa ilikuwa inagawanyika kwenda mitaa mitatu, na rangi zilikuwa zimevukana. Nani alijua ipi imeungwa na ipi? Kijana mmoja tu. Alikuwa amekwenda machimboni Geita, simu haipatikani. Tulijaribu moja baada ya nyingine, tukishuka na kupanda, hadi jioni ya siku iliyofuata. Kijana yule hakufanya kosa lolote; aliunga vizuri. Kosa lilikuwa letu sote, tuliomwacha abebe mtandao mzima kichwani.

Ndiyo maana sasa jointi haifungwi kabla ya mtu wa pili kuandika kila rangi na kupiga picha. Tunaandika pia mita za kebo ya akiba iliyokunjwa kwenye kila nguzo. Mashine ya kutafutia mkato inatuma mwanga na kuhesabu muda wa mwangwi wake kurudi, kisha inakwambia mkato uko mita 1,840. Hizo ni mita za faiba, siyo za barabara. Usipojua kwamba njiani kuna mita 90 zimekunjwa, utapanda nguzo isiyo yenyewe gizani.

Watu nao wanahitaji uangalifu uleule. Mwenyekiti wa mtaa alituruhusu kupitisha kebo juu ya uwanja wa mayu mmoja (mama, kwa Kisukuma), mzee wa miaka sabini na zaidi, na sisi tukaona ruhusa imetosha. Mayu alitoka na kiti chake, akaketi chini ya nguzo, akauliza: "Nguzo hii ikiangukia banda la mbuzi wangu, nani analipa?" Hatukuwa na jibu, na alistahili jibu. Tulishusha kebo. Wiki tatu baadaye mkutano wa wanachama ulipitisha kwamba kila ada ya elfu kumi itoe elfu mbili kwenye mfuko wa matengenezo na madhara, wenye akaunti yake na watia saini watatu. Tukarudi kwake na muhtasari wa kikao mkononi. Alisomewa, akauliza maswali mengine mawili, akakubali. Mfuko ule ndio ulionunua jointi mpya ya Igoma bila kuchangishana usiku.

Kuhusu vibali sitaongea sana, katibu ana faili. Ushirika unasajiliwa chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Leseni ni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ya kujenga miundombinu ni tofauti na ya kutoa huduma. Barabara na nguzo zina wenyewe, na ruhusa yao iwe ya maandishi.

Jumamosi tunapanda Mabatini tena, saa moja asubuhi, kukagua jointi nne kabla ya vuli. Njooni na viatu vya kufunika, maji ya kunywa, daftari na penseli. Peni msilete, wino unafutika mvua ikinyesha.