Muulize Mama Mkaguzi: Nimesaini hundi tupu za kikundi cha sanaa, je na mimi ni mwizi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 26, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Ni mtunza hazina msaidizi wa taasisi inayofundisha vijana ngoma za Kigogo na kwaya. Taasisi imesajiliwa kama NGO, ila viongozi wake wote wanatoka huduma moja ya maombi inayosemwa sana mtaani. Wapo wanaosema inawakataza watu hospitali, wapo wanaosema inawauzisha waumini viwanja vyao. Mimi nimeokoka humo na sijawahi kukatazwa hospitali.

Mwaka jana wafadhili wa nje walitupa shilingi milioni 38 za kununua ngoma 20 za muheme na kulipa nauli na posho za vijana 42 wa Bahi na Chamwino. Stoo nimehesabu ngoma 7, na 2 kati ya hizo ni za bibi mmoja wa Mvumi aliyetuazima. Vijana wanasema walipewa soda na maandazi basi. Huku nyuma uwanja wa ibada umejengewa ukuta na kuna jenereta mpya. Nilipouliza, mtumishi wetu wa Mungu alisema mbele ya kwaya nzima kwamba nina roho ya Yuda, na kwamba hakuna mtu aliyekula hela, imejenga nyumba ya Mungu. Kinachoninyima usingizi ni hundi 6 nilizosaini zikiwa tupu, maana mtunza hazina mkuu husafiri sana na aliniomba nisikwamishe kazi. Je, na mimi ni mwizi?

Dada wa Kikuyu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanzia pale ulipoishia, kwa sababu najua usiku ukiingia unawaza nini.

Mwaka 1993 nilikuwa karani wa hesabu katika chama kimoja cha ushirika. Bosi wangu alikuwa akipanda treni kwenda Dar es Salaam kila mara, na kabla ya safari ananiwekea kitabu cha hundi mezani: saini hapa na hapa, mengine tutajaza. Nilisaini 3. Moja ilijazwa kiasi kinachozidi mishahara ya ofisi yetu nzima. Nilihojiwa kwa wiki kadhaa, na mama yangu akawa anakuja mjini na kikapu cha chakula kama vile nimeshafungwa. Kilichoniokoa ni daftari dogo la shule nililokuwa naandika tarehe, namba ya hundi na maneno niliyoambiwa. Kwa hiyo jibu langu si la mtu aliyesimama ukingoni. Nimewahi kuzama humo.

Kusaini hundi tupu ni kosa la kazi, na ni kubwa. Lakini wizi una nia ndani yake: mtu achukue cha mwenzake akijua si chake, au asaidie kichukuliwe akijua. Mpaka siku uliyohesabu zile ngoma, ulikuwa mtu aliyeamini kupita kiasi. Kuanzia siku ile unajua. Ukisaini ya 7 sasa, hutaweza kusema tena ulikuwa hujui. Kwa hiyo jambo la leo, kabla ya Jumapili, ni kutosaini chochote kisichojazwa. Kisha iandikie benki barua fupi, ukiwa mmoja wa watia saini, uwaeleze kuwa kuna hundi ulizosaini bila kujazwa, utaje namba zake, uombe ambazo hazijalipwa zizuiwe. Utapata namba kwenye vipande vinavyobaki kitabuni. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sasa hilo la Yuda, ambalo limeniuma kuliko milioni 38. Wewe ni mtu wa Biblia, fungua Yohana 12, mstari wa 6. Yuda ndiye aliyekuwa akishika mfuko na kuvichukua vilivyotiwa humo. Hakuna mahali alipolaumiwa kwa kuuliza mfuko una nini. Halafu rudi 2 Wafalme 12: mfalme Yoashi alipoona fedha za kutengeneza hekalu haziendi kwenye matengenezo, liliwekwa kasha lenye tundu kwenye kifuniko, na likijaa alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu wakiwa wawili. Na zile zilikuwa fedha za nyumba ya Mungu kwelikweli! Kama kuhani mkuu hakuachiwa ahesabu peke yake, mtumishi wenu asione ameonewa akiombwa risiti.

Anasema hakuna aliyekula. Hebu tuseme ni kweli, kwamba kila shilingi imeingia kwenye tofali na jenereta. Bado si yake kuihamisha. Mfadhili alitoa kwa ngoma na kwa nauli ya watoto wa Bahi. Ukipewa na jirani hela umnunulie mwanawe dawa, ukaipeleka sadaka, jirani hajatoa sadaka. Wewe umemtolea bila kumuuliza, na mtoto bado anaumwa.

Kuna kesi ya Singapore naikumbuka kila nikisikia maneno hayo, maana ni kama ya kwenu iliyogeuzwa. Kanisa la City Harvest lilikuwa na mfuko wa ujenzi. Kupitia hatifungani (hati za kuikopesha kampuni fedha) za kampuni mbili, dola za Singapore milioni 24 za mfuko huo zilikwenda kugharimia muziki wa mke wa mchungaji, aliyekuwa akiimba nyimbo za kidunia kwa nia, walisema, ya kuwavuta wasioamini. Baadaye zikazungushwa nyingine milioni 26 ili kufunika zile za kwanza. Mwaka 2015 watu 6 walitiwa hatiani, akiwemo mchungaji Kong Hee. Mke hakushtakiwa. Fedha zilikuwa zimesharudishwa kanisani, na mahakama haikuona kwamba walijitajirisha. Hata hivyo mchungaji alihukumiwa miaka 8, na mwaka 2017 rufaa ikaipunguza ikawa mitatu na nusu. Pale fedha ya ujenzi ilikwenda kwenye muziki, kwenu fedha ya muziki imekwenda kwenye ujenzi, na utetezi ni uleule: ilikuwa kazi ya Mungu. Na angalia walioshtakiwa. Hawakuwa wachungaji peke yao. Walikuwamo watu wa fedha waliotayarisha makaratasi. Hilo nakuandikia kwa ajili yako.

Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inautambua wizi wa karani au mtumishi aliyeaminiwa mali, na inatambua pia kosa la kughushi hesabu. Haina kifungu kinachosema ukijenga ukuta wa ibada unasamehewa.

Twende kwenye makaratasi, ndipo nilipokula maisha yangu. Tafuta orodha ya malipo ya wale vijana 42. Nina hakika ipo, maana taarifa ya mfadhili haikubaliwi bila hiyo. Usiangalie jumla, iangalie sura yake. Orodha ya kweli ni chafu, mwanangu. Nimewalipa wakulima wa zabibu Hombolo na Mpunguzi miaka mingi: mmoja anasaini mstari wa mwenzake, mwingine anaweka dole gumba na wino unasambaa, kalamu inaisha katikati wanaazima nyekundu, aliye namba 30 kwenye orodha anafika wa kwanza kwa sababu ana punda wa kurudisha. Na vumbi letu la Agosti linaacha alama kwenye kila kitu. Ukiona saini 42 za wino mmoja, zimenyooka, bila mkunjo, orodha ile imeandikwa mezani na mtu mmoja. Kisha risiti za ngoma. Kama ni za mashine, zina namba ya uhakiki inayoangaliwa kwenye mfumo wa TRA. Kama ni za kitabu cha mkono kinachouzwa dukani pale Majengo, muulize fundi aliyezichonga alilipwa ngapi. Muheme ni ngoma za akina mama wa Kigogo, wanazishika katikati ya mapaja, na anayezichonga hajifichi. Kijiji chake kinajulikana.

Usitoe nyaraka halisi ofisini, utaambiwa umeiba. Piga picha zile ambazo kazi yako inakuruhusu kuziona. Andika daftari lako kwa mkono wako, na humo ziandike zile hundi 6 bila kujihurumia.

Halafu iandikie bodi barua, usimwandikie mtumishi peke yake, uombe taarifa ya benki na hesabu za mradi. Ipokelewe kwa saini kwenye daftari la barua. Ukiitwa ofisini usiku baada ya maombi, usiende peke yako, na usirushe jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Bodi ikinyamaza, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa jiji. Kwa Sheria Na. 24 ya 2002, NGO inatakiwa kila mwaka itoe taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, na ziwe wazi kwa umma, kwa hiyo unaomba kitu ambacho sheria imeshakiamuru. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ila kabla hujaandika maelezo popote, kaa na wakili au msaidizi wa kisheria, kwa ajili ya zile saini zako.

Na moja nakuomba. Usichanganye hesabu na yale ya mtaani. Sala zenu ni haki yenu kwa ibara ya 19 ya Katiba, hata zikiwachosha majirani. Ukianza kueleza habari ya hospitali na viwanja ambayo hukuishuhudia, wanaoichukia huduma watakushangilia, wanaoipenda wataziba masikio, na ngoma 15 zitasahaulika. Sema ulichohesabu. Wala usimwite mtu mwizi hadi karatasi ziseme.

Utapoteza marafiki wa kwaya, sitakuficha. Mimi nilipoteza watu niliokula nao. Yule bibi wa Mvumi mrudishie ngoma zake 2 mapema, kwa maandishi, kabla hazijahesabiwa kuwa za mradi.

SWALI: Mama, kwaya yetu Kondoa tumechangishana shilingi 900,000 za sare. Ziko kwenye simu ya mwenyekiti. Ni mtu mwaminifu. Kuna ubaya?

Mwanakwaya

JIBU: Na akifariki kesho je? Zitakuwa za mirathi, nanyi mtazidai msibani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili watoe, na wasiwe wa nyumba moja. Mpaka hapo, mwenyekiti asome salio mbele ya wote kila mazoezi na katibu aliandike. Mwambieni mimi ndiye niliyesema, asije akadhani mmemshuku.