Kidole chako kimenijibu kabla ya mbuzi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbuzi 16. Vitoto 5 vimetoka vidonda vyenye ukoko mweusi midomoni, na mama mmoja anampiga mwanawe teke akitaka kunyonya. Jirani anasema ni sotoka, nichinje wote niokoe nyama. Nimewadunga OTC (dawa ya kuua bakteria) siku tatu, sioni nafuu. Pia kidole gumba changu kimetoa donge linalouma, labda ni mwiba. – Mama mfugaji, Uporoto, Mbeya.

JIBU: Marahaba mama. Habari ya kidole umeiweka mkiani kama haihusiki, mimi nimeanzia hapo. Sotoka ya mbuzi na kondoo haimshiki binadamu, wala ndui ya mbuzi. Orfu, ugonjwa wa vidonda vya midomo vya mbuzi na kondoo, inamshika. Ni virusi vya ukoo wa ndui, navyo hupita kwenye mchubuko mdogo tu wa ngozi. Nakijua kidole hicho: nilipokuwa kijana nilifumbua midomo ya kondoo mikono mitupu, nikapata donge kama lako, na zahanati moja ikataka kulipasua. Usikubali kupasuliwa. Hupona lenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki sita. Ila nenda ukaonwe, na uwaambie kwamba unafuga mbuzi.

Hata hivyo nisikuhukumie kundi kwa kidole tu. Pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja. Likipita nyuzi 40.5, macho na pua vikatoa uchafu, wakaharisha, na wakubwa nao wakalala, hapo jirani yako huenda ana haki. Kisha inua mkia, pekua makwapa na kinena: vinundu vigumu sehemu hizo pamoja na homa ni dalili za ndui. Ukiona lolote kati ya hayo, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, na mbuzi asitoke zizini. Lakini kama vitoto vina ukoko midomoni tu na bado vinarukaruka, ni orfu karibu kwa hakika. Kuthibitisha, afisa mifugo achukue magamba makavu kwenye kichupa safi ayapeleke maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), Iringa.

OTC acha. Haiui virusi, ina kazi pale tu kidonda kinapoingiwa na bakteria, na hilo aamue mtaalamu. Usibandue ukoko, maana virusi vimo humo na hukaa hai miezi mingi kwenye banda kavu. Magamba yanayoanguka yachome. Vaa glavu. Asiyeweza kunyonya mnyweshe maziwa kwa chupa, na nyasi ziwe laini, zisizo na miiba. Vidonda hukauka kwa wiki tatu hadi nne. Kabla ya hapo usipeleke mbuzi mnadani, na kuchinja sahau.

Huyo mama anayepiga teke, mtazame chuchu leo kabla ya kukamua. Vitoto humwambukiza wanaponyonya, na chuchu yenye vidonda hukaribisha ugonjwa wa kiwele.