Mkuu, usilipie hivyo viatu vya skeiti namba 45, nisome kwanza

Hiyo hela unayotaka kumtumia muuzaji Ijumaa usiitume.

Nimesoma bandiko lako mara mbili. Umeacha skeiti miaka tisa, umehamishiwa Dodoma kikazi, ukaazima viatu vya matairi vya jirani, dakika kumi tu uvungu wa unyayo unawaka moto na vidole vinaingia ganzi. Sasa muuzaji wa Kariakoo anakwambia viatu vya kawaida unavaa 44, kwa hiyo chukua 45 "mguu upumue", piga na soksi mbili. Hapo kwenye soksi mbili niliinuka kwenye kiti. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, neno kwa neno. Sijui kuna mahali wanakaririshwa!

Mimi nilirudi 2021 baada ya miaka kumi na moja. Kijana niliyeacha skeiti alikuwa na kilo 61, aliyerudi alikuwa na 84 na kitambi cha kiti cha ofisi. Viatu vya kutembelea navaa 43. Muuzaji akaniambia kaka, Dodoma kuna joto, mguu unavimba, chukua 44 ujisikie huru. Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na jamaa anajiita kocha, naye akaunga mkono, akaongeza kuwa kikibana utaharibu kucha. Laki mbili na arobaini ikaondoka. Na havikuwa vya mtumba. Mimi nafanya kazi Mtumba, Mji wa Serikali, viatu nikaenda kununua vipya. Ningechukua vya mtumba angalau ningekuwa nimepigwa elfu thelathini.

Siku ya kwanza raha tupu. Kiatu kipana, mguu unaelea. Baada ya robo saa uvungu ukaanza kuwaka kama wako. Nikajiambia ni uzee, misuli imelala, itazoea. Kumbe wala. Kiatu cha matairi kikipwaya, mguu unatafuta pa kushika. Vidole vinajikunja vyenyewe kama kuku aliyelala kwenye fito, na vinabaki vimejikunja muda wote. Misuli midogo ya chini ya unyayo ndiyo inayofanya hiyo kazi, na kwa mtu aliyekaa muongo mzima kwenye kiti, haina pumzi ya dakika ishirini. Inakakamaa, inawaka moto.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Mguu unatembea ndani ya kiatu, nami nifanyeje? Nikakaza kamba. Ukitembea tena, nakaza tena. Nikaongeza soksi ya pili, soksi zikasuguana zenyewe kwa zenyewe, malengelenge kwenye kisigino. Nikachomeka kipande cha sponji ya godoro mbele ya vidole. Nacheka ninapoandika ila siku ile nilijiona fundi. Juu ya mguu pale hakuna nyama, mishipa ya fahamu inapita karibu na mfupa, ukiifunga kwa kamba unaikandamiza. Kwa hiyo chini misuli inakakamaa, juu kamba inanyonga, na mimi nawalaumu wazazi kwa kunizaa na miguu mibovu.

Jumapili moja nikaenda barabara za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, lami nzuri, miteremko ya kutosha. Nilikaa saa moja na nusu. Saa ya pili ingekaribia nadhani ningezimia, ila nilikuwa na kiburi, kulikuwa na wanafunzi wananiangalia. Nilipovua, kidole gumba cha kulia hakikuwepo. Kipo kwa macho, lakini ukikigusa ni kama unagusa cha mtu mwingine. Nikasema kesho kitarudi. Kesho hakikurudi. Mwenye akili angepumzika, mimi Jumapili iliyofuata nikarudi na nikakaza zaidi, maana kocha aliandika "kaza, usiogope, mguu unajifunza". Ganzi ile ilikaa miezi mitatu. Kiatu cha ofisini kikawa adui, nikawa naenda kazini kulia nimevaa kandambili, kushoto kiatu cha ngozi. Bosi akaniuliza kwenye kikao kama nimetokea bafuni. Daktari akapiga picha ya mfupa kwanza, mfupa mzima, kisha akaniuliza swali moja tu: kiatu chenyewe kina urefu gani ndani? Sikujua. Laki mbili na arobaini na sikuwahi kupima!

Jioni ile nikasimama kisigino ukutani, nikaweka karatasi sakafuni, mke wangu akachora mstari mbele ya kidole kirefu. Sentimita 26.5. Kiatu changu ndani 28. Sentimita moja na nusu ya upepo. Hapo ndipo nilipomtafuta yule kocha kwenye kundi. Nikakuta ameshatoka, siku hizi anauza dawa za nguvu za kiume. Mungu awasaidie wateja wake.

Namba niliyokuja kutulia nayo ni 42, yaani moja CHINI ya viatu vyangu vya kutembelea. Nilikataa hadi nilipoivaa. Binamu yangu anayeteleza kwenye barafu yenyewe huko Canada akanicheka, akasema kwao viatu vya hoki ya barafu kwa kawaida hushushwa namba moja hadi moja na nusu. Kumbe dunia nzima inajua isipokuwa mimi na muuzaji wangu.

Kwa hiyo achana na namba, kila kampuni ina namba zake. Dai sentimita. Pima jioni, mguu ukiwa umeshavimba na joto (hapo tu muuzaji alisema kweli, ila alitumia ukweli kuniibia), pima ukiwa umesimama na uzito wote, na soksi moja nyembamba utakayovaa. Pima miguu yote miwili, haifanani. Usitumie kipimo cha miaka tisa iliyopita, mguu hutanuka na umri na kilo. Kiatu sahihi ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma, kisigino hakinyanyuki. Dukani utasema kinabana. Ndiyo, kibane, ila kisiume. Kikikandamiza sehemu moja kama msumari, hicho nacho kiache.

Kuvaa nako: gonga kisigino chini mpaka kikae nyuma kabisa, ndipo ufunge. Vidoleni legeza, kwenye kifundo kaza, magoti ukiwa umeyakunja. Wiki mbili za kwanza dakika kumi na tano zinatosha, ganzi ikianza unavua hapo hapo, hata kama wanafunzi wanaangalia. Na ganzi ikilala na wewe usiku mbili, au kuna mfupa mmoja ukiubonyeza unaruka kwa maumivu, nenda hospitali, usiulize kundi la WhatsApp.

Vile vya 44 nilimuuzia kijana wa kidato cha sita elfu sitini. Vimemkaa kama vimechorwa mguuni kwake, anazunguka navyo Area D ananipungia mkono kila wikendi. Nampenda lakini inaniuma.

Uliuliza pia mambo mengine, magurudumu sijui milimita 76 au 80, na wapi pa kutelezea. Tutayafikia. Kwanza leo saa mbili usiku simama ukutani, chora unyayo wako, weka rula pembeni, piga picha uiweke hapa. Na huyo muuzaji mwambie akupimie ndani ya kiatu kwa futi, akutumie picha. Akianza kukwambia habari za mguu kupumua, mzuie namba.